Kila Ukisha Kula

Papa Kalisti,

Leo ni Jumapili, misa imekwisha, nami nimekaa kwenye benchi nyuma ya kituo cha afya na karatasi nilizochukua ofisini bila kumwomba mtu. Kwaya imeimba vibaya. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Walikimbia, sauti za kwanza zikafika mwisho wa ubeti wakati sauti za nne bado ziko njiani, na hapakuwa na mtu wa kupiga goti lake kwa kiganja ili kuwarudisha pamoja. Niliona aibu utafikiri ni mimi niliyewafundisha.

Ni mwezi wa tatu sasa tangu tukuzike. Mbuzi wako amezaa mapacha. Lami imebaki nzuri mpaka hapa kituoni, lakini kile kijia cha kwako ng'ambo ya mto kimekatwa na mvua tena, na watu wameweka magogo mawili ya kuvukia. Yule jirani aliyekuwa akigombana nawe juu ya mpaka wa shamba analia kila akitajiwa jina lako, mnafiki yule, ingawa siku hizi naanza kuamini kwamba analia kweli.

Nina ombi kwako, nalo si dogo. Unanijua, kugombeza najua, lakini neno zito huwa linanikwama. Niache nizunguke kidogo kabla sijafika.

Unakumbuka nilivyofika Bweyeye nimevimba kwa hasira? Mimi niliyekulia Bukavu, kisha nikazoea Kamembe na soko lake na pikipiki zake, nikapangiwa kazi ya dirisha la dawa pembeni ya msitu wa Nyungwe, mahali ambapo ukungu unaingia mpaka ndani ya kabati. Wiki nzima nilisema Kinyarwanda changu cha kujikwaa na watu wakanicheka kwa adabu. Asubuhi moja kitasa cha dirisha kikakataa, nikakigombeza kwa Kiswahili: "Na weye, utafunguka ao hautafunguka?" Sauti ikatoka kwenye foleni: "Ee, ule ni mutoto wa Bukavu." Nikatoa kichwa nje. Kumbe ni wewe, mwalimu wa kwaya wa parokia yetu, yule aliyenifukuza kwenye kwaya ya watoto kwa sababu nilinyonya pipi wakati wa Bwana utuhurumie. Ulikuwa umerudi kwenye kipande cha ardhi cha baba yako miaka mingi kabla yangu. Nywele zilikuwa zimekwisha, lakini sauti ilikuwa ileile.

Tangu siku hiyo tukawa na lugha yetu. Wengine wote niliwahudumia kwa Kinyarwanda. Ukifika wewe, tunahamia Kiswahili cha nyumbani. Ulikuwa unachungulia na kusema, "Mutoto, leo uko na sura ya muntu mwenye kukosa chai," nami nakujibu kwamba wewe una sura ya mtu aliyekosa meno. Foleni inangoja, mkuu wa kituo anakohoa, sisi tunacheka. Mimi sikuwa na baba tena, Papa. Sikuwahi kukuambia kwamba zile dakika tano za kila mwezi ndizo zilizonifanya nisiombe uhamisho.

Sasa nakuja kwenye siku ya sukari.

Muuguzi alikupima, akaandika, akakutuma kwangu. Ulifika dirishani umeshika karatasi kwa mikono miwili, na nikaona kwamba unaogopa, wewe ambaye sikuwahi kukuona unamwogopa hata askofu. Kwa mgonjwa mwingine yeyote ninayo maneno yangu, nayasema siku nzima huku nimenyoosha vidole vitatu: asubuhi, saa sita, jioni. Nayasema kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya ofisi, na mtu anayarudia ndipo aondoke. Kwako niliona vibaya kutoa sauti ya ofisi. Nilitaka uone kwamba ni jambo dogo, la nyumbani. Nikakuambia: "Papa, usiogope. Ni haka kadawa keupe. Kila ukisha kula, unakunywa kamoja." Ukarudia jinsi ulivyozoea kufundisha mstari wa wimbo, mara tatu, bila kuongeza na bila kupunguza: "Kila nikisha kula, nakunywa kamoja." Nikafurahi. Nikakufungia vidonge vya mwezi mzima, ukaenda zako.

Vidole vitatu sikuvinyoosha.

Lazima nimtaje pia yaya wako, kaka yako mkubwa Papa Dezideri, kwa sababu ombi langu linamhusu. Mmetoka tumbo moja, amekuzidi miaka kumi na miwili, na sukari ilimshika zamani kabla yako. Kadi yake ya bima ya mituweli ni sawasawa na ya kwako, na vidonge anavyopewa kule Kamembe ni vilevile vyeupe, nimeviona kwa macho yangu. Anauza vitenge, mizigo yake inavuka kila siku kwenda Bukavu. Asubuhi anakula mkate na yai, saa sita anakula, jioni anakula, na katikati kuna chai. Nyumbani ana kamashine ka kupima damu, na mguu ukimuuma kidogo tu dereva anamfikisha hospitali kabla hajamaliza kulalamika. Simsemi vibaya. Ni mtu mwema, anacheka kama wewe, na kila Noeli alikutumia kitu: suti, godoro, na mwaka ule, baada ya kusahau kabisa ugonjwa wenu nyote wawili, mfuko mzima wa sukari. Tulicheka mpaka machozi.

Ulikuwa unampigia kwa simu yangu, hapohapo dirishani, na mimi nasikia. "Tuko bien, yaya. Hatukosi kitu. Tunakula, tunashiba, Mungu iko muzuri." Nilisikia maneno hayo kila mwezi na nikayaamini kama alivyoyaamini yeye.

Mwaka wa pili ukaanza kukonda. Muuguzi akaona sukari haishuki, akakuuliza kama unakunywa dawa, ukasema unakunywa kama ulivyoambiwa. Ulikuwa unasema kweli. Kisha jembe likakuchubua kidole cha mguu. Kidonda kidogo, ulisema, ukakifunga kitambaa na kuendelea kukanyaga tope la kwenda na kurudi shambani. Siku waliyokuleta, walikuleta kwa ingobyi, wanaume wanne begani na wanne nyuma wa kuwapokea, kwa sababu ambulansi haiwezi kushuka kile kijia. Nilisikia harufu ya mguu kabla sijaona uso. Ukanitazama kutoka kwenye ile machela ukasema: "Mutoto, leo sikukuja na miguu yangu." Nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu niliona unataka nicheke. Ambulansi ikakupeleka hospitali, kadi ikapokelewa, hakuna aliyekukataa wala kukusemea vibaya. Walikukata mguu. Siku ya nne ukatuacha.

Kwenye maziko yaya wako alisimama akiegemea fimbo, mzee wa miaka themanini na zaidi, akasema mbele ya watu wote: "Mudogo wangu hakukosa kitu. Kadi alikuwa nayo, dawa alikuwa nayo, baganga balijikaza. Ni Mungu alimuita." Halafu akalia, akisema kwamba ni yeye aliyepaswa kutangulia. Mimi nikajibu Amina pamoja na wengine. Juu ya kadi na dawa na waganga hakusema uongo hata kidogo.

Matanga yakaisha. Asubuhi moja Maman Verediana, mke wako, akaja kituoni na mkebe wa maziwa ya unga uliofunikwa kitambaa. Alisema dawa ni mali ya watu wote, si vizuri ziozee nyumbani wakati kuna mwingine anayezihitaji. Ndiyo tabia yenu wawili. Nikafungua. Mkebe ulikuwa umejaa mpaka juu, na alikuwa na mfuko mwingine kwapani. Vidonge vyeupe, Papa, vya mwezi baada ya mwezi, katika bahasha nilizoziandika jina lako kwa mkono wangu. Hasira zangu unazijua. Nikamwuliza kwa ukali: "Maman, kumbe hakukuwa anakunywa?" Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Alikunywa vile ulimuambia. Kila akisha kula, anakunywa kamoja. Hakusahau hata siku moja."

Nikasema: lakini ni mara tatu kwa siku, Maman.

Akakunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Mara tatu ya kula nini, mutoto wangu?"

Akaendelea polepole, anaangalia chini. Tangu mlima wa juu ya kwenu ulipoporomoka kwa mvua na kuchukua nusu ya shamba, mlikuwa mnapika mara moja, jioni. Siku nyingine hata hiyo jioni ilipita hivihivi, na siku hizo hukunywa kidonge, maana hukuambiwa ukinywe bila kula. Niliketi sakafuni katikati ya maboksi ya dawa, na foleni nje inaniita.

Nilikukasirikia sana. Nakuambia ukweli, nilikukasirikia kuliko nilivyojikasirikia mimi. Kila mwezi ulipokea bahasha mpya na hukusema kwamba ya zamani imebaki. Kwa nini? Maman Verediana amenieleza, ingawa ningeweza kujieleza mwenyewe. Ungesema zimebaki, ningeuliza sababu, na ungelazimika kujibu. Huku kwetu mtu hamwulizi mwenzake amekula nini na mara ngapi. Mtu mzima hata kutafuna njiani hatafuni. Ni heshima, nami nimeifuata tangu nihamie nchi hii. Na siku mguu ulipoanza kunuka ulimwambia mke wako: "Usimuambie Solanji ile maneno ya dawa. Atasikia haya." Haya yangu mimi. Mguu unaoza na wewe unafikiria haya yangu.

Muuguzi nilimwambia yote. Akasema huwezi kujua, sukari ni ugonjwa wa mambo mengi, huenda mguu ungekwenda hata hivyo. Alisema kwa wema, lakini nilimwona anautazama mkebe. Kisha nikavuka mto kwenda kwa Maman Verediana, nikapiga magoti, nikamwambia kwamba ni mimi niliyekosea maneno. Aliniinua. "Na mimi nilikuwa naishi naye," akasema. "Weye ulikuwa unamuona mara moja kwa mwezi." Akanipa avoka mbili za kurudi nazo, na sikuthubutu kukataa.

Nimefikiri sana, Papa. Sitaki mtu aiseme vibaya kadi mbele yangu. Wewe na mimi tumeona kule Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mgonjwa aliyekwisha kupona anazuiliwa wodini mpaka ndugu zake watafute cha kumkomboa. Hapa mlango ni mmoja kwako na kwa yaya wako, na hilo si jambo dogo. Lakini kadi kazi yake inaanzia mlangoni. Haiulizi mtu ametoka kwenye nini wala anarudi kwenye nini. Nikienda Kamembe nawaona wazee wenye maduka wamekaa vibarazani, wanabishana juu ya siasa na mpira mpaka fimbo zinaanguka. Huku, mwenye miaka sitini tunampisha njia kama babu wa kila mtu, na tunamzika mapema. Wale wana kadi na hawa wana kadi. Zamani niliona ni mapenzi ya Mungu tu, sasa sina uhakika kwamba tumsingizie Mungu.

Dirishani nimebadilisha mambo. Kwanza nilijaribu kuuliza wazi: unakula mara ngapi? Mama mmoja aligeuka akaondoka bila dawa zake. Fundi seremala mmoja akaniambia anakula mara nne, na suruali yake ameifunga kwa kamba. Nikaona ninaharibu. Ilinichukua wiki mbili kupata neno linalofaa. Siku hizi nauliza habari za moto: kwenu mnawasha moto mara ngapi kwa siku? Moto hauna aibu. Mtu ananijibu juu ya kuni, juu ya mvua, juu ya kuni mbichi zinazotoa moshi, na katikati ya kulalamika jibu linatoka lenyewe. Anayesema mara moja, namrudisha kwa muuguzi ampangie dawa upya. Mkuu wa kituo alinigombeza kwa sababu foleni imekuwa ndefu. Wiki iliyofuata nikamsikia naye anauliza moto. Ungecheka. Lakini hapo ndipo nguvu zangu zinapoishia. Dawa ninazo kabatini. Cha kuweka juu ya ule moto sina.

Na wiki iliyopita Maman Verediana alianguka shambani. Jirani yule mnafiki ndiye aliyemleta. Muuguzi akampima kila kitu, hakuona homa wala sukari, ila damu imepungua na mwili umekauka. Akamwandikia kikaratasi cha vidonge vya kuongeza damu, na nacho akaja kwenye dirisha langu. Nilimwuliza habari za moto, Papa. Nilimwuliza mke wako kama ninavyowauliza wengine. Akasema: "Niko peke yangu, nitawasha ya nini?" Watoto wenu walikuja kutoka Uvira wakati wa matanga na wamerudi, na maisha yao huko hawayaelezi. Mimi nampelekea ninachoweza kila Jumapili. Anapokea nusu, nusu anaifunga na kunirudishia. Mlifaana kweli.

Nimefika sasa.

Juzi Papa Dezideri alinipigia simu, anauliza hali ya mjane wa mdogo wake. Maman Verediana alikuwa amerudi dirishani, amesimama mbele yangu na kile kikaratasi cha damu mkononi. Akatikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni. Nami nikajisikia nasema, kwa sauti nzuri kabisa: "Iko bien, Papa. Hakosi kitu." Nilikata simu. Maneno yako yalikuwa yametoka kinywani mwangu na yeye upande wa pili ameshukuru Mungu.

Maman Verediana ameniapisha. Anasema ndivyo ulivyotaka wewe, yaya wako asijue kamwe, akukumbuke kama mtu wa nyimbo na si kama mtu wa kuhurumiwa. Najua ni kweli, ndivyo ulivyotaka. Nilianza kuandika ili unipe ruhusa ya kusema. Lakini sasa nimefika ukurasa wa tano na naona kwamba hutanipa, ungekuwa hapa ungenikatalia, ungenitania, na tungecheka mpaka nisahau nilichokuja kusema. Basi ruhusa siiombi tena. Naomba msamaha. Mmoja nimekwisha kumzika kwa ajili ya heshima, na wa pili simziki.

Nakuahidi mambo mawili. Maman Verediana hataaibishwa. Akininunia mwaka mzima, nitavuka yale magogo kila Jumapili nikanuniwe. Na mimi sitajificha nyuma yako. Nitamwambia yaya wako kwanza kosa langu, neno kwa neno, nililosema na nilichosahau kusema. Kama atanifukuza dukani, atakuwa na haki. Lakini namjua, Papa, na wewe ulimjua kabla yangu. Atauliza kama kile kijia cha kwenu kinapitika, aje amwone Maman Verediana.

Pumzika sasa. Nilikupenda kuliko nilivyojua kukuonyesha kwenye tundu la dirisha. Jumamosi napanda gari la asubuhi la Kamembe. Nitamwomba afunge mlango wa duka, nitaketi mbele yake, na nitamwambia kwa Kiswahili chetu, bila kuzunguka, lile neno ambalo hukulitamka hata ukiwa juu ya ingobyi: "Papa Dezideri, mudogo wako alikuwa na njaa."

Mtoto wako,
Solanji